Bendera ya Saa Moja na Nusu

Nalinda lango la parsela moja kule Nguba.
Mwenye nyumba yuko Kinshasa, mbwa wake ni mzee kuniliko.
Usiku kucha Ruzizi inapita chini yetu ikinung'unika,
na ng'ambo taa za Kamembe zimetulia
kama watu waliolipwa mshahara.

Ukitaka gurudumu lizunguke bila kukwama
usikae kibandani. Kibandani kuna mtandao wa kwetu,
nao una kikohozi:
yule dada anarusha kipira, mkono unagandia hewani,
picha ikirudi pesa zimeshakwenda
na yeye ameshamtabasamia mwingine.
Panda juu ya tangi la maji. Geukia mashariki.
Tia kadi ya ng'ambo, ile niliyouziwa na Cishugi
pamoja na fungu la nyanya za mkewe.
Hapo mchezo unateleza
kama dongodongo kooni.

Cishugi ana masharti, aliyahesabu kwa vidole vitatu,
vingine vilibaki shimoni Kamituga:
usicheze kwa simu mbili,
usitoe pesa siku uliyoziweka,
usishinde haraka.
Nikamwambia, hilo la tatu nimelizoea.

Yule dada simjui jina. Limeandikwa kifuani,
lakini kioo changu kimepasuka papo hapo.
Ana mafua tangu Jumanne.
Anasema bonsua kwa watu mia tatu
nami naitika, kwa sauti,
mbwa anainua sikio moja.

Mimi ni Zihindula. Kwa Mashi ni kama kusema
mambo hugeuka.
Baba alinipa jina hilo mwaka alipouza ng'ombe wa mwisho.
Nimeliamini kuliko alivyoliamini yeye:
kumi na tisa nyekundu, kila usiku, miezi saba.

Juzi likatii.
Kumi na tisa. Kisha kumi na tisa tena.
Dola mia moja na arobaini: mabati ya upande wa mvua,
deni la Mama Nshobole wa makala,
viatu.
Nilishuka tangini kinyumenyume, kama mwizi wa maji.

Nikabonyeza kutoa. Kikatokea kibendera,
chekundu, kidogo kama ukucha wa mtoto.
Akaunti yako imewekewa alama.
Mchana uko Kongo, usiku uko Rwanda.
Tafadhali eleza.

Nieleze nini? Mimi sijavuka.
Kuvuka kunataka jeto, kunataka foleni, kunataka shati safi.
Ni simu iliyovuka, usiku baada ya usiku,
na hakuna askari aliyeiuliza inabeba nini.

Wakataka uso. Simama penye mwanga. Pepesa macho. Geuka kushoto.
Umeme ulikuwa umeondoka.
Nikajimulika kwa tochi, chini ya kidevu.
Uso haujatambulika.
Nikavua kofia ya ulinzi. Nikafuta jasho.
Uso haujatambulika.
Mara ya tatu nilitabasamu, nikijua
dada yule, mwenye mafua, angenitambua
kama wangemgeuzia kamera.

Asubuhi nikakabidhi zamu, nikapanda kuelekea mjini.
Saa moja na nusu, mbele ya ofisi,
filimbi ikalia. Kila mtu akasimama alipo:
mama wa sambaza na beseni kichwani,
pikipiki, mwanafunzi mguu mmoja ndani ya mtaro.
Bendera ikaanza kupanda, polepole, kamba ina fundo.

Simu ikatetemeka mfukoni.
Mara moja. Mara mbili.
Ukijikuna tu, polisi anakuona.
Nikakaza mikono mapajani,
nikitazama kitambaa kikihangaika na lile fundo,
na dola mia moja na arobaini, au neno la kwaheri,
vikinitekenya nyama ya paja.

Filimbi ya pili. Watu wakamiminika.
Yule mama wa sambaza akanisukuma kwa kiwiko:
“Wewe, imeisha. Tembea.”