Kule

Kwetu chini ya Rwenzori jina ni hesabu tayari:
Baluku kafungua, Bwambale kafuata,
Masereka wa tatu, Kule wa nne.
Mabinti nao, Masika, Biira, Kabugho,
Mbambu, hadi Ithungu.
Jina linasema umekuja wa ngapi.
Halisemi umefika wapi.

Mimi ni karani wa takwimu, idara ya elimu, Kasese.
Dawati langu lina mguu mfupi;
nimeuwekea mtaala uliofutwa.
Kila mwaka orodha hutoka, shule ya kwanza hadi ya mwisho,
na kila mwaka Nyakabale, kule mawinguni,
hushika mkia kama iliyezaliwa nao.
Mkubwa huuliza, "Tuifunge?"
Shule ya mjini, yenye basi na geti la buluu,
huchinja mbuzi.

Mnunuzi wa kahawa huweka gunia mizanini,
husoma kilo, hulipa.
Haulizi limeshushwa mlima gani,
kwa goti la nani.

Safari hii sikuuliza mtoto ana ngapi.
Niliuliza alikuwa na ngapi.
Mtoto yule yule, darasa la tatu, la nne, la tano,
nikamfuata kwa rula, karatasi hadi karatasi.

Mbambu wa Nyakabale alianza na herufi, tena si zote:
b na d zilimchezea.
Leo anasoma aya nzima
na hucheka pale penye kichekesho.
Bado yuko chini ya wastani wa wilaya.
Wa mjini aliingia akisoma aya.
Miaka miwili baadaye anasoma aya.
Ile ile.
Basi limemleta kila asubuhi
mahali alipokuwa.

Nikachora mstari mwekundu, nikampelekea mkubwa mbio:
"Nyakabale inapanda!"

Usiku usingizi ukanikataa.
Darasa la tatu walikuwa arobaini na mmoja.
La tano, ishirini na tisa.
Wastani hupanda pia
mnyonge akiondoka.
Ndivyo gunia linavyosafishwa, punje mbovu nje;
ila punje haina mama.

Boda ilinifikisha pale daraja lilipokuwa.
Nyamwamba ilishalichukua.
Nikavua viatu.

Mwalimu Ithungu ana daftari lisilo na jalada,
na ndani yake wote kumi na wawili,
kila mmoja na mstari wake.
Huyu kahamia Bwera kwa shangazi.
Hawa watatu, mto ulibeba nyumba, wako kambini.
Huyu, akasema, usiniulize.
"Na Kule?"
"Kule yuko kule," akaonyesha kwa kidevu
bonde, barabara, ziwa la Katwe likimeta.
"Anachota chumvi.
Alikuwa amefika aya ya pili.
Muhula mmoja tu, ningemvusha."

Nikarudi, nikafuta mstari, nikauchora upya
na wale kumi na wawili ndani.
Ukalala kidogo.
Bado unapanda.

Nikapendekeza mambo mawili.
Walimu wa mjini wapande,
wakae nyuma ya darasa la Ithungu wiki nzima, kimya.
Na daraja.

"Daraja la kwanza?" akauliza mkubwa.
"Hapana, mzee. La mbao. La kuvukia."
Akasoma tena, miwani puani.
"Hili ni la idara ya ujenzi."
Lakini hakulikata.
Aliliwekea alama ya kuuliza, kwa penseli.

Kompyuta inataka kisanduku cha Kule kiandikwe sifuri.
Nimekataa.
Sifuri ni ya aliyekaa kwenye mtihani akakosa,
na Kule hakukosa chochote.
Nimekiacha wazi,
upana wa mtoto mmoja,
katikati ya ukurasa.
Kila ninapoufungua, jicho huangukia hapo kwanza.