Dakika ya Arobaini na Moja

Kwanza nililaumu waya.
Ule wa njano, wa picha, uliolala kwenye ndoo ya misumari
tangu tulipohama Pasua.
Nikausugua ncha kwa spiriti, nikauchomeka,
na harusi ya mwaka tisini na mbili ikatokea kwenye kioo
bila rangi: bibi harusi, keki, migomba,
wote wamepakwa jivu la jikoni.

Programu ilidhani tunaishi Marekani.
Nikaichagulia PAL.
Migomba ikakumbuka ukijani wake.

Halafu sauti.
Shangazi Aikande alipiga vigelegele mdomo umefumba,
kisha akaufumbua, akautikisa ulimi,
kimya.
Nilihangaika na namba mpaka nikafika elfu arobaini na nane
ndipo shangazi na kelele zake wakapatana.

Halafu nafasi: diski imejaa.
Nikafuta michezo ya Elingaya, akanuna siku mbili.
Halafu umeme, saa mbili kasoro, mtaa mzima.
Halafu umeme ukarudi, nami nikarudi mwanzo,
kwenye mchungaji na miwani yake mikubwa.

Lakini dakika ya arobaini na moja haikupitika.
Kila nikifika pale picha inachanika,
chenga zinamwagika juu mpaka chini,
na kompyuta inaacha kunasa. Imegoma.
Asubuhi ile Kibo ilikuwa imejifunika mawingu;
theluji yote ilikuwa mezani kwangu.

Nilibadilisha tundu la USB.
Nilifuta dereva, nikaiweka upya, nikaifuta tena.
Nilizima kinga ya virusi, nikazima intaneti,
nikamzima na Elingaya.
Nilipepea mashine kwa kifuniko cha sufuria.
Dakika ya arobaini: safi.
Ya arobaini na moja: chenga.

Nikafunga deki kwenye kanga, nikaibeba hadi Kiborloni
kwa fundi Ndetaramo, ambaye haamini kompyuta.
Alisafisha hedi kwa kitambaa, akanusa,
akainua mlango wa kaseti kwa ukucha
na kuuvuta mkanda taratibu chini ya tochi,
kama mtu anayetafuta kupe kwenye sikio la mbuzi.
"Hapa," akasema. "Pamelika.
Mashine yako nzima, dada.
Huku ni kusimamisha. Mtu anabonyeza pozi,
anarudisha nyuma, anabonyeza pozi. Miaka."
Akaniambia televisheni huvumilia chenga;
kompyuta ikikosa fremu moja inasusa.
Hakutaka hela. Alitaka kujua nani.

Usiku nikaichomeka deki kwenye televisheni tu.
Nikasogea karibu, pua inagusa kioo.
Nyuma ya wanaocheza, kushoto,
baba anapita na kreti la soda begani,
anajikwaa,
anageuka kumwangalia mtu asiyeonekana,
anacheka.
Sekunde nne. Kisha keki.

Mama alikuwa jikoni anamenya mshare.
"Pale kwenye soda," nikasema, "ulikuwa unarudisha nini?"
"Sufuria," akajibu, hakuinua macho.
"Ile kubwa, namba kumi. Mama Anandumi aliazima siku ile
mpaka leo. Nilikuwa natafuta ushahidi."
Akaendelea kumenya ndizi
iliyokwisha kumenywa.

Sikubishana.
Nilirudi kwenye mipangilio, nikaondoa tiki
pale panaposema simama ukipoteza fremu,
nikaacha inase na chenga zake.
Zimepotea mia tatu na kumi na mbili.
Baba anapita kwa kurukaruka,
kreti linafika kabla ya bega,
kicheko kiko pale, kimekatika katikati lakini kipo.
Faili nimeliita Sufuria.

Jana, saa nne usiku, nikasikia mlango wa sebule,
kiti kikiburutwa, panya akigongwagongwa mezani.
Kimya kirefu.
Kisha sauti ya mama, ya chini, kama hataki nisikie
na anataka nije:
"Wewe. Hiki kinarudishwaje nyuma?"