Sampuli ya Saba

Maabara ya maziwa, njia ya Pongwe, saa tatu usiku.
Madumu ya Muheza yameoshwa, yamelala kifudifudi,
nimebaki na bika saba juu ya barafu
na kijiti cha titani, kinene kama kidole gumba,
kinachosema maneno ambayo sikio langu halikuumbiwa.

Mitetemo elfu ishirini kwa sekunde.
Popo wa Amboni wangegeuza shingo.
Mimi naona maziwa tu yakisisimka,
yakiota vipele vya kung'aa, vikifa kabla ya kuhesabiwa.
Sekunde tano kinasema, sekunde tano kinanyamaza, ipoe.

Ndani ya kila kiputo kinachojifumba
pana joto la kufumba na kufumbua, la kuyeyusha risasi,
halafu baridi tena, kama hapakutokea kitu.
Na hapo protini, iliyokuwa imejifunga
kama senti kwenye pembe ya khanga,
inalegea.
Yale yaliyoogopa maji, yaliyojificha tumboni,
yanatoka nje kutazama.

Nilimwambia Kiluwa, kijana wa mafunzo kutoka Lushoto:
usiandike "imevunjika". Shanga ziko vilevile,
moja baada ya moja, kwenye uzi uleule.
Kilichobadilika ni mkunjo.
Ila kwa protini, mkunjo ndiyo kazi:
kimeng'enya kilichokunjuka ni ufunguo ulionyooshwa kwa nyundo,
chuma kipo, mlango haufunguki.
Akauliza, kwa hiyo ni vibaya?
Nikasema subiri povu.

Maana dakika tano ni neema:
povu linasimama, mafuta yanakubali kukaa na maji,
mtindi unakuwa mzito bila unga wa kudanganyia.
Samaki mkunje angali mbichi; huyu tunamkunjua.
Dakika kumi, sawa.
Zaidi ya hapo, kanuni ya mashine hii ilitungwa
kabla ya umeme: ngoma ikivuma sana hupasuka.

Kwenye sampuli ya saba, Zaituni akapiga simu.
Dada yangu, baba mmoja mama mmoja,
na habari ya nyumba ya Makorora,
ile ya vyumba sita na choo cha uani.
Nikatoka nje, kwenye jenereta.
Nikasema yangu. Akasema yake.
Nikamtajia sufuria alizobeba kabla ya arobaini ya mama.
Akanitajia ada yangu ya chuo, na cherehani iliyouzwa.
Sauti zetu hazikupanda.
Laiti zingepanda.

Niliporudi, barafu ilikuwa maji.
Kijiti bado kinasema.
Dakika thelathini na nne.
Kwenye bika, zilizokunjuliwa hata zikaona haya
zimeng'ang'aniana zenyewe kwa zenyewe,
mabonge ya rangi ya chaki,
na harufu ya unywele uliogusa mshumaa.

Kiluwa alitaka tumwage. Nani atajua?
Nikachukua kalamu.
*Saba: imezidishwa. Mwendeshaji hakuwepo.*
Povu: hakuna. Kuyeyuka: kidogo mno.
Kesho nitaupitisha uzi kwenye jeli, utakutwa mzima, najua.
Nitaupima hata hivyo.

Bombo, mwaka juzi, sauti ya ukoo huohuo
ilipita tumboni mwangu kwa adabu, ikapiga hodi,
ikarudi na picha ya unyayo,
na hakuna kilichokunjuka.
Zaituni ndiye aliyenishikia mkoba.
Alicheka hadi daktari akacheka:
mguu wa baba huu, tazama,
kidole cha pili kimempita kaka yake.

Saa sita na robo. Nasuuza bika.
Bonge moja limeganda kwenye kioo, halitaki.
Mfukoni mwa koti simu inatetemeka,
haina mlio, niliuzima mwenyewe,
inatetemeka kwenye paja, mikono yangu imejaa sabuni.
Sekunde tano.
Kimya.
Sekunde tano.