Mlango wa Jitman

Nyumba iliporomoka yote, mlango ukabaki umesimama
ndani ya fremu yake, na komeo lake, umefungwa,
kana kwamba kulikuwa na kitu cha kuibwa.
Jitman alizunguka kifusi mara mbili,
kisha akabisha hodi.
Hatukucheka siku ile. Tulicheka mwezi wa tatu.

Siku ya sita, helikopta ikadondosha tambi za pakiti.
Watoto walizitafuna kavu.
Siku ya tisa, mchele, magunia yenye bendera ya nchi
ambayo hakuna kati yetu angeweza kuionyesha kwenye ramani.
Wadudu wa mchele walikuwa wamesafiri salama.

Na huko juu ya korongo,
saa mbili kwa mguu wa mbuzi, nne kwa mguu wa mtu,
viazi vya Suntali vilikuwa vinaota macho ardhini,
figili zinapasuka kwa unene,
maziwa ya nyati wake wa kufugwa anayamwaga kwenye mawe,
maana barabara ya soko iliteremka mtoni
na lori la mnunuzi halikuja.
"Mnunuzi wangu yuko Kathmandu," alisema. "Namngoja."
Mnunuzi yuko Kathmandu, Suntali.
Njaa iko hapa chini, inanusa moshi wako.

Mimi nilikuwa nauza vocha za simu.
Minara imelala kifudifudi, nitamuuzia nani maneno?
Nikaokota chaki shuleni
(shule haikuwepo, chaki ilikuwepo),
nikaugawa ule mlango katikati.
Kulia: ANACHO. Kushoto: HANA.

Suntali: viazi, magunia kumi na moja. Hana wa kuchimba.
Bishnumaya: mapacha, wiki tatu. Maziwa yamemkauka kwa hofu.
Phurpu: nyumbu watatu wa mizigo, mmoja anachechemea.
Hema la chini: watu sitini, mikono mitupu,
lakini ni mikono.
Mvua ilifuta, nikaandika. Ikafuta tena.
Nikatafuta msumari.

Nisikudanganye kwamba mambo yalinyooka.
Tulimpelekea figili mama wa mapacha,
na maziwa mzee ambaye maziwa humwendesha.
Bhaktalal alificha kabichi akingoja bei,
kisha akajichonga mwenyewe upande wa kushoto.
Usiku mtu akamkwangua. Asubuhi nikamrudisha.
Mlango haukuwa mahakama.
Nyumbu mchechemeaji aliteleza pale penye maporomoko;
tulimlilia nyumbu,
halafu, acha nikiri, tukavililia viazi.

Likabaki gunia la kumi na moja. Suntali akalikalia.
"Hili ni mbegu."
Watu sitini walimtazama, naye akatazama miguu yake.
Nilisimama na msumari, sijui nichonge wapi:
mwenye mbegu na tumbo tupu,
huyo anacho, au hana?
Bishnumaya ndiye aliyeinuka, pacha mmoja mgongoni,
mwingine analia kwa jirani.
Akafungua mshipi wa kiunoni mwake,
akalifunga gunia mdomo, fundo mbili.
"Mchele wa wadudu upo," akasema. "Nani anachagua nami?"
Tukakaa chini, tukachagua wadudu
mpaka giza likatunyang'anya macho.

Mwaka uliofuata Jitman alijenga, vyumba viwili, paa la bati.
Mlango ni uleule.
Fundi alikuwa na haraka, akaupachika juu chini,
basi wote tumesimama kwa vichwa, wenye navyo na wasio navyo,
na upande wa kulia sasa ni wa kushoto.
Jitman alikataa usigeuzwe. Rangi pia alikataa.
Wageni huinamisha shingo wakijaribu kutusoma.

Nikipita hubisha hodi, hata ukiwa wazi.
Ndani ananiitika bila kuinuka:
viazi viko motoni, vidogo, vya ngozi nyekundu,
vya mbegu ya gunia lile,
na chumvi, kama kawaida yake, amesahau.