Daftari la Mawe

Daftari lenyewe ni la kurasa arobaini na nane.
Jalada limeliwa na panya upande wa jedwali la kuzidisha:
saba mara nane haipo tena,
tisa mara sita imebaki nusu.
Nililinunua dukani kwa Ambokile mwezi wa nne,
mwezi ambao mvua ya Rungwe haimuulizi mtu ana shughuli gani.

Wino ni wa bluu, kisha mweusi, kisha penseli,
kisha kijani ya mwenyekiti wa kijiji,
kalamu tuliyoiazima mwenyewe asijue.

Ukurasa wa kwanza:
Tusubilege, mawe kumi na mawili.
Tupokigwe, mawe tisa, mtoto mgongoni.
Bibi Gwantwa, jiwe moja.
Hapo nilitaka kuruka mstari.
Akanikamata mkono: "Andika. Moja nayo ni hesabu."

Mto wetu si mkubwa.
Kwenye ramani ya shule hauna hata jina.
Lakini masika yale ulimchukua Atuganile
na uchungu wa mimba yake ya kwanza,
juu ya machela ya mianzi,
taa ya zahanati ikiwaka ng'ambo,
taa tuliyokuwa tukiiona sote.

Hilo sikuliandika.
Daftari linaanza siku tulipoanua matanga.

Wakasema, wanawake na daraja wapi na wapi.
Fundi Mwaisumo alicheka, akataka alipwe kwanza.
Wiki ya tatu alikuja bila kuitwa, mwiko mkononi,
habari ya fedha hakuitaja tena.
Naye yumo, ukurasa wa kumi na moja:
Fundi, siku ishirini na sita, kwa chai na magimbi.

Saruji tuliinunua kwa viazi.
Ilipanda kutoka Uyole kwa fuso
mpaka pale barabara inapochoka;
kutoka pale ilipanda kwa utosi,
mfuko mmoja ndoo nne,
ngata za khanga kuukuu zikigeuka mawe nazo.

Jioni moja, tukikanda miguu jikoni kwake,
Bibi Gwantwa alisema juu ya mama yake:
alivyobeba mizigo ya vita ya Wazungu hadi Mwaya, ziwani,
ngata yake jani la mgomba.
Karani alikuwapo, na meza yake, na miwani.
Aliandika masanduku: risasi, chumvi, unga.
Chini ya masanduku
hakuandika kitu.

Nikaelewa kwa nini mkono wangu ulikamatwa.

Siku ya uzinduzi palikuwa na bamba la marumaru
na jina la mgeni rasmi kwa herufi za dhahabu.
Alikata utepe, akavuka, akarudi,
viatu havikulowa.
Sisemi kwa kinyongo, alituongezea mifuko sita,
nayo imeandikwa, ukurasa wa thelathini:
Mgeni, mifuko sita.
Mstari unaofuata: Tusubilege, mawe kumi na moja, mguu unauma.
Dhahabu ile sasa inabanduka.
Mvua ya huku haichagui.

Mwaka huu walimu wamewatuma watoto
waulize nani alijenga nini.
Wamekuja kwangu kumi na saba, wamejaa sebule,
wananukia moshi na sweta mbichi.
Nimewasomea yote, hata yenye makosa ya kujumlisha.
Lugano wa darasa la tano
kamkuta bibi yake ukurasa wa saba,
bibi aliyemjua kwa kaburi tu:
mawe kumi na tisa, kidole kimevunjika.

"Yapi ni yake?"

Tukateremka hadi mtoni.
Nikamwambia, yale ya chini kabisa,
yanayopigwa na maji.
Sikuwa na hakika.
Akalala kifudifudi darajani, kichwa kikaning'inia,
akachungulia,
akachungulia
mpaka kengele ya shule ikalia
na hakuinuka.