Jiwe la Nyuma ya Tairi

Pesa nilizifunga kwenye pindo la kitenge:
milioni sita na laki nane.
Misimu minne ya asali ya Ipole
ikija mjini kwa magari ya watu.
Kila ndoo nililipia nauli.
Iliyopasuka njiani nililipia pia.

Dalali wa Kachoma ananiita binti.
"Binti, hii ikilala hapa leo, kesho huikuti."
Pikapu ya buluu, imeoshwa hadi kucha,
dashibodi inang'aa mafuta kama paji la bwana harusi.
Mihayo, mdogo wangu, ameshapanda,
ameshika usukani, kimawazo yuko Dodoma.

Nikaweka kiganja juu ya boneti.
Ya moto.
Saa moja asubuhi, baridi ya Juni inang'ata masikio.
Nani amekuamsha kabla yangu,
na alikuwa anaficha kikohozi gani?

Shangazi Mbula alinifundisha mzinga.
Usiangalie mlango, alisema, mlangoni nyuki hawakosekani.
Kunja kidole, gonga gome, tega sikio.
Uliojaa hujibu kwa chini, kama mtu aliyekatizwa usingizi.
Mtupu hujibu haraka.

Nikagonga mlango wa buluu.
Juu: nga.
Katikati: nga.
Chini, karibu na gurudumu: pu.
Nikasogeza kidole. Pu. Pu.
"Hapa ni puti," nikasema, "chuma kililiwa zamani."
Dalali akacheka kicheko cha mtu asiyejua aweke wapi mikono.
"Gari si mzinga, binti."
Kweli. Mzinga haupakwi rangi ili uuzwe.

Tukarudi Isevya, kitenge kizito vilevile,
Mihayo kaninunia njia nzima.
Usiku nikahesabu darini kwa macho:
tairi mbili, bima, dizeli ya safari ya kwanza,
na ikizima Tutuo, porini, ndoo arobaini nyuma?
Asali haiozi.
Mteja ndiye huoza.

Ya Lugwisha tuliikuta Ipuli, pembeni ya magunia ya mkaa.
Nyeupe iliyokwisha kukata tamaa ya weupe.
Mlango wa kushoto umefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Kioo cha mbele kina ufa unaopindapinda
kama Ugalla kwenye ramani ya darasani.
Mihayo akatazama pembeni.
Mimi nikagusa boneti: baridi, kama mtungi.

"Washa mwenyewe," Lugwisha akasema, akanirushia ufunguo.
Ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikashika.
Moshi mweusi kidogo, kisha hewa tupu.
Nikachomoa kijiti cha oili, nikakifuta kwenye kitenge hichohicho:
nyeusi, si ya rangi ya maziwa.
Nikainama, nikatega sikio.
Ilikuwa inanguruma kwa chini.

"Ina ubaya gani?" nikamuuliza.
Sikutegemea jibu.
"Handibreki haishiki. Gia ya pili inataka subira.
Mengine utayajua, mimi mwenyewe sijayajua yote."
Alitaka saba. Nikataja sita na nusu,
laki tatu za tairi nikazikalia kimya.
Aliitazama gari muda mrefu, mimi hakunitazama.
"Haya. Lakini TRA twende wote, mimi na wewe, na kadi mkononi.
Sitaki dalali katikati."

Tulipomaliza, akaingiza mkono chini ya kiti
akatoa jiwe.
Jeusi, lenye ukubwa wa mkate, upande mmoja umelika
kwa kubanwa miaka na miaka.
"Hili linakwenda na gari," akasema.
Hakutabasamu, kwa hiyo na mimi sikutabasamu.

Jumamosi, mwinuko wa kwanza, nikasimama kumpakia mama mmoja na karanga zake.
Nikashuka. Nikaweka jiwe.
Gari likarudi nyuma kidole kimoja,
likaegemea, likatulia.
Mihayo akauliza lini nitatengeneza handibreki.
Mwezi ujao, nikamwambia,
nikasikiliza injini inavyopoa: ti, ti,
ti.