Jaruba la Arobaini na Moja

Kila baada ya siku tano, anasema Chediel,
kuna kitu kinapita juu ya Mombo,
juu kuliko Lushoto, juu kuliko tai,
kinatupiga picha bila kutuambia tusimame vizuri.

Mimi siku hiyo nilikuwa nimeinama,
makalio yangu yameielekea mbingu,
nachomoa chupa ya soda iliyokwama langoni mwa mfereji.
Nikamuuliza: na hili limeonekana?
Akacheka. Mtu hatoshi kuonekana, akasema.
Kwa jicho lile, hatua kumi kwa hatua kumi
ni nukta moja, rangi moja tu.

Basi sisi ni rangi.
Skimu nzima imelala kwenye kioo cha simu yake
kama kanga iliyoanikwa:
nyekundu penye kiu, njano penye mashaka,
kijani mahali mpunga unapokunywa ukashiba.
Miaka kumi na tisa nimegawa maji ya Mto Soni
kwa jembe, kwa ufunguo, kwa matusi,
kwa kujua nani hulala mapema na nani huamka kuiba.
Sasa nagawa kwa rangi.
Wekundu kwanza. Kijani wasubiri.

Sikatai, picha ina akili.
Mwezi wa pili ilituonyesha doa kwenye majaruba ya mkiani
siku tisa kabla hatujaona jani hata moja likijikunja.
Tukafuata, tukakuta panya buku ametoboa ukingo,
maji yanakwenda kunywesha barabara.
Tukaziba. Wa mkiani wakavuna,
na mimi, kwa mara ya kwanza, sikutukaniwa mama.

Ila jaruba la arobaini na moja.

Kikaoni Chediel alilikuza kwa vidole viwili:
"Tazameni. Hili ndilo darasa."
Kijani kuliko yote, kijani cha kujidai.
Tukapiga makofi. Mwenyekiti akaandika:
Mwantumu Shekolowa, apewe mfuko wa mbolea.
Mwenyewe hakuwepo. Hakuna aliyeuliza.

Jumatatu nikaupeleka mfuko kwa baiskeli.
Nikasimama ukingoni,
nikauegemeza kwenye goti.

Ndago.

Ndago na kangaga, na mengine nisiyoyajua jina,
yamefika kiunoni, yamenenepa kwa maji yangu,
na mpunga chini yake, mwembamba
kama nywele za mgonjwa.

Jirani akanyoosha kidole upande wa Tanga:
yuko Bombo, wiki ya sita hii,
analala koridoni, nje ya wodi ya mumewe.
Aliyekuwa akipalilia ndiye aliyelazwa,
aliyekuwa akipanda ndiye anayeuguza.

Saa ile kitu kilikuwa kinapita?
Sijui. Mbingu ilikuwa nyeupe, kimya.
Kama kilipita, kilichukua kijani chake kikaenda.

Ufunguo ulikuwa mfukoni.
Sheria naijua, niliinyoshea mkono mwenyewe:
asiyepalilia hanyweshewi.
Na wa mkiani wanangoja.
Nikalifunga lango lake.
Nikalifunga, kisha nikakunja suruali, nikaingia.

Hadi adhuhuri nilikuwa nimeng'oa kona moja,
ukubwa wa mkeka wa watu wawili.
Kesho yake akaja Chediel, hana simu,
amevaa buti za babake zinazompwaya. Hatukuongea.
Siku ya tatu tulikuwa kumi na mmoja,
na mmoja wetu ni yule anayeamka usiku kuiba.
Yeye ndiye aliyeng'oa kwa kasi.

Picha ikaja.
Arobaini na moja limegeuka jekundu tupu.
Simu zikalia mifukoni, onyo kwa wanachama wote:
zao limeharibika, chukueni hatua.

Chediel akanitazama, tope limemfika shingoni.
Nikamwambia, kwani wekundu si ndio wa kwanza?
Nikaenda kufungua maji.